Sauti Mbili za Mama Mlezi

Asubuhi niliyoondoka Ngokolo, mtaa wetu wa Shinyanga, sikuwa na mpango wowote. Niliamka kwenda kuchota maji kama siku zote, nikafika bombani, nikaipanga ndoo yangu nyuma ya ndoo za wenzangu, kisha nikaendelea kutembea. Sikumuaga mtu. Nilikuwa nimevaa gauni la kushindia, khanga na kandambili. Nilifika mahali malori ya kwenda Kahama yanapopakia, nikamkuta dereva anakaza kamba za turubai, nikamuuliza kama ana nafasi mbele. Akanitazama miguu kwanza. "Unakwenda wapi na ndala?" Nikamwambia nakwenda mbele. "Mbele ni kubwa, dada." Nikasema basi anishushe pale atakapoishia yeye. Akacheka, akanifungulia mlango. Lori lilikuwa limebeba mashudu ya pamba, na ile harufu yake nzito ya mafuta ilitufuata njia nzima. Nilikuwa na miaka ishirini, shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuondoka namna hiyo. Tangu wakati huo nimeondoka mara nyingi na katika miji mingi, hadi wanaonijua wanasema nimezaliwa na miguu isiyotulia. Sikuzaliwa nayo. Ina mwanzo wake, na mwanzo wake ni filamu.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika mama. Kabla jeneza halijashushwa ilisomwa karatasi ya wasifu wa marehemu, kama ilivyo kawaida: amezaliwa wapi, amesali wapi, ameugua nini, ameacha nani. Aliyesoma ni mpwa wake kutoka kijijini, mtu mwenye adabu zake, wala hakukusudia ubaya. Akasoma, "Marehemu hakujaaliwa kupata mtoto." Akatafuta mstari kwa kidole, akaendelea, "Ila katika uhai wake alimlea binti mmoja." Mtu mmoja nyuma yangu akaguna. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele kabisa, na udongo wa kaburi ulikuwa karibu na viatu vyangu. Ningeweza kusimama nikasema karatasi ile imekosea. Katika filamu binti husimama. Mimi sikusimama, kwa sababu mwandishi wa kwanza wa sentensi ile nilikuwa mimi, na niliisema kwa spika mbele ya mtaa mzima.

Mwaka ule nilioondoka nilikuwa nafanya kazi na Masanja, mtafsiri wa filamu. Msomaji ambaye hakupitia vibanda vya video huenda asijue kazi hiyo. Masanja alikuwa anachukua filamu ya nje, anaipunguza sauti, halafu anazungumza juu yake kwa Kiswahili, yeye peke yake, kwa niaba ya watu wote waliomo: polisi, jambazi, bibi harusi, mtoto mchanga. Diski zake zilikuwa zinakwenda kwenye vibanda vya video vya machimbo yote ya dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita. Alinitafuta kwa sababu wachimbaji walikuwa wamemlalamikia kwamba wanawake wake wote wanaongea kama wana mafua. Studio ilikuwa chumba chake cha kulala. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, blanketi limefunika dirisha, na sisi wawili tulikuwa tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, tunatokwa jasho mbele ya televisheni. Nje mkewe alikuwa anakaanga maandazi, naye tulimwomba asiongee. Kuku hatukuweza kuwaomba. Kuna filamu yetu moja ambayo mtu anakufa kwenye theluji, na jogoo wa Ngokolo anawika.

Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, na filamu nyingi hata hazikuwa za Kiingereza. Tulikuwa tunaitazama filamu mara moja kimya kimya, tunakubaliana nani mama, nani adui, nani anamtaka nani, halafu tunarekodi. Tulichokosa tulikitunga. Zilizopendwa sana machimboni zilikuwa za watoto waliolelewa na wasio wazazi wao, na nadhani najua sababu. Wengi wa wale wachimbaji walikuwa wamelelewa na bibi, na shangazi, na watu baki, na hakuna aliyekuwa amewahi kuwauliza jambo hilo. Basi tulizitafuta kwa bidii. Zote zilikuwa na mwendo mmoja. Mtoto anaokotwa, au anabadilishwa hospitali, au anauzwa. Analelewa. Siku moja anagundua, kwa alama ya begani au kwa mkufu, na kuanzia hapo miaka yote aliyolelewa inakuwa kama foleni aliyokuwa amepanga akimsubiri mama halisi. Mama halisi akifika, muziki unapanda. Yule aliyekuwa anaosha kinyesi anatolewa pembeni ya picha.

Nilimuuliza Masanja siku moja kwa nini iko hivyo. Alikuwa anakula andazi la moto, analihamisha shavu hili na lile. "Kabula, mama wa kulea ana sauti mbili tu," akasema. "Ya malaika au ya mchawi. Chagua moja, usinichanganyie wateja."

"Na kama ni mtu wa kawaida?"

"Mtu wa kawaida hana filamu."

Nimeikumbuka kauli hiyo kila nilipolala nyumba za wageni nikakuta kitabu kilichoachwa na mpangaji aliyetangulia. Mimi ni mtu wa kusoma chochote, hata gazeti lililofungiwa vitumbua. Katika vitabu nimewakuta akina mama walezi wengi, na wamenichosha kwa namna ileile. Kuna wanaomnyima mtoto chakula, na kuna watakatifu wanaokufa mapema, ukurasa wa ishirini hivi, ili hadithi ianze. Sijakutana na mmoja anayechelewa kuinjika maharage. Sijakutana na mmoja anayemkaripia mtoto asubuhi kwa kupoteza kandambili, mchana amesahau, jioni anamsuka nywele huku akimsengenya mchungaji. Wangu alikuwa hivyo. Nilipokuwa namtilia sauti mama wa kulea, niliichagua ya mchawi, kwa kuwa ndiyo iliyonipa nafasi ya kupiga kelele.

Siri yangu niliijua tangu nina miaka kumi na mitano. Mama alinieleza mwenyewe, jikoni, tukiwa tunakatakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Hakuniangalia, aliangalia kisu. "Ng'wanone," akasema, hivyo ndivyo alivyoniita, mwanangu kwa Kisukuma, "mimi sikukuzaa. Uliletwa kutoka upande wa ziwani, una wiki tatu. Kule kijijini kwetu walikuwa wananiita mgumba mbele ya macho yangu. Nikahamia huku mjini. Nikashuka kwenye gari na mtoto mgongoni, na siku hiyohiyo jirani akaniita Mama Kabula. Nikageuka nyuma kuangalia anamwita nani." Akacheka kidogo. Nikamuuliza kama ni jambo la aibu. "Siyo aibu. Ni langu tu. Usimwambie mtu." Tukamaliza kiroba kizima cha viazi. Nakumbuka vidole vyetu vilikuwa vyeupe kwa utomvu, na kwamba sikusikia uchungu wowote, nilijiona mkubwa tu kwa kuaminiwa.

Sasa filamu yenyewe. Ilikuwa ya nchi ya mbali, lugha sikuijua wakati ule wala baadaye. Majumba marefu, theluji, watu wamevaa makoti. Karibu na mwisho binti amesimama mbele ya mwanamke mzee anayekunja nguo, na wanaongea muda mrefu. Ilikuwa saa nane mchana, chumba kinawaka. Masanja akaniashiria kwa mkono, chemsha, chemsha. Nikachemsha. Nikasema, "Wewe si mama yangu! Hukujaaliwa mtoto, ukanibeba mimi mgongoni, ukahama kijiji ili watu wakuite mama! Jina hilo umeliiba kwangu. Lirudishe!" Masanja akainua dole gumba, macho yamemtoka kwa furaha. Tulipomaliza akanipigia makofi. "Hayo umeyatoa wapi? Mbona hatukukubaliana?" Nikasema yamekuja tu. Na ni kweli yalikuja tu. Sikuwa na hasira na mama yangu. Nilikuwa natafuta maneno, na yaliyokuwa karibu yalikuwa ya nyumbani. Lakini nisijitetee sana. Nilipokuwa nayasema nilijisikia raha, raha ya mtu anayepiga kitu akasikia kimelia.

Jumapili iliyofuata ilionyeshwa kwenye kibanda cha mtaani kwetu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwalika mama. Alikuwa hajawahi kuingia kibanda cha video, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaongozana na jirani yetu Mama Shija, wakakaa benchi la mbele kama wageni rasmi. Mimi nilisimama mlangoni ili niwaone watu watakavyonisifu. Kila sauti yangu ilipotoka Mama Shija alimgusa goti, "Huyo Kabula! Msikie!" naye alikuwa anatabasamu akiangalia chini. Kisha pale penye nguo pakafika. Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau, mpaka neno la kwanza lilipotoka kwenye spika. Kibanda kilishangilia, maana ni pazuri pale, pana moto. Mama hakugeuka. Aliinua kichwa, akatazama picha mpaka mwisho, majina ya waigizaji yakapanda yote, kwa maandishi ambayo hakuna mtu aliyeweza kuyasoma. Mama Shija alikuwa ameuondoa mkono wake gotini.

Keshoye nilikuwa ndani, wao wakiwa uani kwenye kamba ya nguo. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba, kila neno lilipita.

"Mama Kabula, naomba vibanio viwili."

"Chukua. Ila Mama Shija, kuanzia leo uniite Milembe."

"Aah! Kwa ajili ya ile sinema? Yale ni maigizo, mama."

"Milembe ndilo jina langu. Nilipewa na baba yangu."

"Jamani, sisi tumekuzoea hivyo miaka yote."

"Mtazoea na hili."

Nikasikia vibanio vikichukuliwa. Kisha Mama Shija, kwa sauti ya chini ambayo bado niliisikia, akamuuliza, "Kwani ni kweli?" Sikusikia jibu. Nilisikia nguo inakung'utwa.

Alipoingia ndani nikamwambia, "Mama, ile ilikuwa filamu tu." Akaweka karai chini. "Kwenye filamu kulikuwa na kijiji?" akaniuliza. "Niliangalia vizuri. Kulikuwa na magorofa. Kijiji kilikuwa chetu." Akanimiminia chai, akanisogezea sahani ya michembe na karanga, akasema, "Kula, Kabula." Hakuwa amewahi kuniita Kabula tukiwa wawili. Siku tatu tulikaa namna hiyo, tukisalimiana vizuri kama wapangaji wa nyumba moja, na watoto wa mtaani wakipita dirishani wakiigiza, "Lirudishe! Lirudishe!" Siku ya nne ndiyo niliyoiacha ndoo bombani.

Lori liliishia Kahama. Nikapata jingine hadi kwenye machimbo madogo upande wa Geita, na hapo mama ntilie mmoja alinikubalia nimuoshee vyombo kwa wiki mbili. Kulikuwa na vumbi jeupe la mawe yaliyosagwa, lilituingia hadi kwenye ugali. Mgahawa ulikuwa turubai tu, na kibanda cha video kilikuwa turubai la pili, hatua kumi kutoka kwetu. Nilikuwa na masufuria mikononi niliposikia sauti yangu. Nilikuwa nimeikimbia Shinyanga, yenyewe imefika kabla yangu. Kibanda kikalipuka kwa kelele pale palepale penye nguo, na filamu ilipoisha wachimbaji wakatoka moja kwa moja kuja kula, wakiwa bado wanabishana.

"Yule binti ni nyoka," alisema mmoja, mtu mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kushuka chini kuliko wote kwenye duara, shimo lenyewe la dhahabu. "Angekuwa mdogo wangu ningemchapa."

"Achapwe kwa lipi? Kasema ukweli," alijibu mwenzake. "Mama ni aliyekuzaa. Wengine ni wasaidizi."

"Wewe uliyezaliwa na mama yako, mbona hata hujui kufua?"

Wakacheka. Lakini kulikuwa na mmoja mtu mzima waliyemwita Mzee Saba kwa sababu alikuwa amebakiwa na vidole saba. Huyo hakucheka. Aliomba maji ya kunawa, nikammiminia, akasema kama anaongea na birika. "Mtafsiri katudanganya."

"Kivipi, Mzee Saba? Wewe unaijua lugha ile?"

"Lugha siijui. Macho ninayo. Yule binti, wakati anatukana, mkono wake uko wapi? Umemshika yule mama kiganja. Muda wote. Na yule mama hakasiriki, anamfuta uso. Mimi nimelelewa na mke wa mjomba, najua. Mtu anayemkana mama yake hamshiki namna ile. Pale walikuwa wanaagana."

"Kwa hiyo maneno yametoka wapi?"

"Muulize huyo dada aliyesema. Ana lake."

Nilikuwa bado nimeshika birika. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye mchanga, nikaambiwa, "Dada, unatuletea mafuriko." Siku iliyofuata niliingia kibandani mchana, nikamwomba mwenye kibanda anirudishie sehemu ile bila sauti. Alisita, kisha akanionea huruma. Mkono ulikuwa pale. Tulikuwa tumeitazama filamu ile mara mbili na Masanja, na hatukuuona, kwa kuwa tulikuwa tumeshachagua sauti. Huenda binti alikuwa anasema naondoka mama, nitarudi. Huenda alikuwa anashukuru. Mpaka leo sijui. Nilichojua ni kwamba mama yangu, mle kibandani, alitazama picha mpaka mwisho kabisa. Aliuona mkono ule. Aliona kwamba hata watu wa theluji walimtendea yule mzee vizuri kuliko mwanawe alivyomtendea yeye.

Niseme hapa yaliyokuja baadaye, ili nisimalizie nayo. Nilirudi Ngokolo baada ya miezi mitano. Alinifungulia mlango, akanipikia, akanionyesha kwamba kitanda changu hakikuguswa. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, akasema yameisha, na nadhani kwa upande wake yalikuwa yameisha. Siku moja hata aliniita tena ng'wanone. Lakini mtaa ulikuwa umeshazoea. Waliohamia baadaye walimkuta Milembe, wakafikiri mimi ni mpangaji au ndugu wa mbali. Jina alilolisafiria kutoka kijijini, mtoto mgongoni, nililichukua kwa sentensi nne, na hakukuwa na kibanda cha video cha kwenda kulirudishia. Ndiyo maana sikukaa. Niliondoka, nikarudi, nikaondoka, mpaka nilipopigiwa simu ya mwezi uliopita.

Wiki zile mbili za vyombo zilipoisha ningeweza kugeuza. Badala yake nilipanda basi la Chato, kwa sababu upande wa ziwani ndiyo anwani pekee niliyowahi kupewa ya mahali nilikotoka. Naona aibu kusema nilichokuwa nakifanya kwenye basi lile. Nilikuwa natafuta pua yangu kwenye nyuso za watu. Mwanamke aliyepanda na kapu la dagaa nilimkodolea macho mpaka akaniuliza kama namdai. Nilijua filamu zinasema uongo, nilikuwa nimezitunga kwa mdomo wangu, na bado nilitegemea muziki upande. Tukafika saa kumi alasiri. Hewa ilikuwa na unyevu na harufu ya samaki, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Nilizunguka nikiuliza chumba cha bei ndogo, nikaelekezwa nyumba ya mama mmoja aliyepangisha vyumba vinne nyuma ya kwake. Nilimkuta anapara sato kwenye beseni, magamba yamemjaa mikononi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwangalia pua. Haikuwa yangu.

Alijifuta vidole kwenye gauni, akafungua daftari la wapangaji, akalaza kalamu. "Jina lako?"

"Kabula."

"Msukuma. Umetokea wapi?"

"Shinyanga, Ngokolo."

"Wewe ni wa nani huko?"

"Wa Mama Kabula."

Akacheka mpaka magamba yakamdondoka. "Mwanangu, hapo hujanijibu, umenizungusha. Kabula ni wewe. Hapa watu wanaugua, wengine wanazama ziwani. Likikupata la kukupata, nitafute nani? Huyo mama hana jina lake mwenyewe?"

Jina nililijua. Nililisikia likidaiwa uani, na nilipokuwa naondoka mtaa mzima ulikuwa unajifunza kulitamka.

"Analo," nikasema. "Lakini kwa jina hilo wanamwita watu wengine. Mimi ni mtoto wake, siwezi kumtaja."

Akaacha kucheka. Nikadhani ataninyima chumba. Kisha akainama, akaandika polepole kwa herufi kubwa, nami nikazisoma zikiwa juu chini kwangu: KABULA WA MAMA KABULA, NGOKOLO. Akafunga daftari, akanipa ufunguo wa chumba cha tatu.